Kisanduku Kisichonukia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomnunia rafiki yangu wa kufa na kuzikana kwa sababu ya karatasi. Ndiyo, karatasi. Usicheke. Nakuona unavyochora visanduku kwenye kompyuta yako na kupapasa karatasi nene kana kwamba ni kitambaa cha harusi, nami nikaona nikwambie mapema.

Nilikuwa kijana, nakata na kukunja kadi katika duka la kuchapa hapa Malindi. Mama alikuwa akipika udi nyumbani kwetu Muyeye na kuuza katika makopo ya maziwa yaliyooshwa. Mimi makopo yale nikayaonea haya. Tajiri wangu alinipa mabaki ya karatasi nzuri, nzito, nyeupe ya maziwa. Nikakunja visanduku kwa mkono, nikabonyeza ua la asumini juu yake bila wino, likainuka lenyewe, kisha nikaziba kila pembe kwa gundi hata sisimizi asipenye. Vilipendeza, sikufichi.

Msimu wa harusi ulipofika, karatasi ilisifiwa lakini udi haukununuliwa. Wanawake walikishika kisanduku, wakakigeuza, wakakipeleka puani, wakakirudisha. Mmoja akasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," na wenziwe wakacheka.

Mimi nawe twajuana: nina moyo wa shaka tangu utotoni. Mtu akiniamkia mara mbili kwa siku, najiuliza anataka nini. Basi nikaanza kutafuta mchawi. Mwanaisha, huyo rafiki yangu, mamake naye aliuza udi mtaa uleule, na makopo yao yalikuwa yakiisha. Siku moja nikamwona mlangoni kwao ameshika kisanduku changu, akiwanong'oneza wanawake wawili. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Bila shaka anawaambia tumetia unga wa mbao!

Sikumuuliza. Niliacha kuitikia salamu zake. Na harusi yake ilipofika, mimi niliyeahidi kumpaka hina kwa mkono wangu, nilijifungia chumbani nikasingizia kichwa. Vigelegele nilivisikia vyote. Niliumia, lakini kiburi kilinikalia kifuani.

Baada ya wiki, Bi Rukia, mzee aliyekuwa akipamba maharusi mtaani kwetu, akaja na kisanduku changu kimoja, kimepasuliwa pembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nusa hiki." Nikanusa, udi ukanijaa puani. Akachukua kingine rafuni. "Na hiki?"

"Hakinukii, bibi."

"Basi umezika maiti humu. Udi hununuliwa kwa pua, mjukuu wangu. Kitu kilichozibwa hivi sisi twakishuku, hata kikipambwa vipi."

"Na hicho nani amekipasua?"

"Mwanaisha. Alikinunua kwa pesa zake, akawa awanusisha watu, awaambia udi wenu washinda wa kwao. Usiku wa hina alikungoja wewe. Hakukubali mtu mwingine amguse, mpaka hina ikakauka bakulini, ikabidi ikorogwe nyingine apakwe na mtu mwingine."

Nililia mbele ya yule mzee bila kujificha.

Baadaye nilitoboa yale maua kwa sindano, tundu kwa tundu, harufu ikapata pa kupitia. Kabla ya Idi rafu ilikuwa tupu. Kisanduku cha kwanza nilimpelekea Mwanaisha kwa mumewe, Mnarani. Alikipokea, akakinusa, akanimiminia kahawa. Kisha akaniuliza, "Saada, mbona hukuniuliza?" Hadi leo twasalimiana vizuri, lakini hina yake ilipakwa na mkono wa mtu mwingine, na majuto ni mjukuu.

Wale wanawake walikuwa na haki ya kushuku, mwanangu, kwani walishuku kitu wasichokijua. Mimi nilimshuku mtu niliyemjua. Kwa hiyo karatasi yako ipambe upendavyo, lakini mnunuzi umwachie pa kunusa. Kazi yako ikikataliwa, shuku kwanza mkono wako. Na ukimshuku mwenzio, nenda ukamuulize siku hiyohiyo, hina ikiwa bado mbichi.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe rafiki wa kukusifia nyuma ya mgongo wako, na akupe moyo wa kumwamini. Amin.