Wanawake wa Omena Walivyonikataza Kushinda Kesi

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Mvua inanyesha huku Migori, korti ziko likizo, nikasema leo wacha niitoe hii story. Chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana bado nataka kuitwa wakili.

Kwa wasionijua, mimi ni nyar Awendo, yaani msichana wa Awendo, binti ya dereva wa trekta ya miwa. Ofisi yangu iko mjini, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo client akiingia anapiga chafya kwanza, ndio aeleze shida.

Nafanya kesi za haki za binadamu. Kwa ufupi, nashtaki serikali.

Mama yangu mpaka leo hajaelewa hii kazi. Wenzangu wanashughulikia kesi za mashamba, wanajenga maghorofa. Tukitoka kanisa Sabato ananiuliza, "Na hao binadamu wako, kweli hakuna hata mmoja ana uwezo?"

Haya, turudi kwa story.

Siku moja kikundi cha wanawake kikapanda ngazi zangu. Walitoka ufuo mmoja upande wa Homa Bay, ukishapita Sori. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wao, Mama Risper, mjane aliyelea watoto wake kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Nikamsalimia kwa Dholuo. Akanijibu vizuri, halafu akabadilisha.

"Haya ni maneno ya serikali," akasema. "Wacha tuongee na Kiswahili."

Shida yao ilikuwa hivi. Ofisi fulani ya serikali, sitaitaja, ilimpa mwekezaji kibali cha kujenga hoteli pale ufuoni. Wenyeji hawakuulizwa. Walishtukia tu seng'enge imevutwa kutoka barabarani mpaka kwenye maji. Njia ya kwenda ziwani ikafungwa, na uwanja wao wa kuanika omena ukabaki ndani.

Ikabidi wazungukie kilimani, kwenye mawe, na mabeseni kichwani. Mmoja wao, Achieng', alikuwa na mimba. Aliteleza huko. Mungu ni mwema, mimba haikuharibika, lakini mkono ulivunjika. Alikuja ofisini kwangu akiwa bado na plasta.

Niliwasikitikia sana. Lakini wakuu, nikiri pia kwamba damu ya uwakili ilianza kuchemka. Katiba inasema wananchi lazima washirikishwe kabla ya uamuzi kama huo. Hiyo ilikuwa kesi tamu! Hukumu yake ingetumika kutoka Mombasa mpaka Busia. Nikaanza kuona wanafunzi wa sheria wakisoma jina langu chuoni.

Nikaandika petition, tukaingia Mahakama Kuu Homa Bay.

Siku ya kusikizwa wanawake walijaa viti vyote, na walikuwa wametoka sokoni moja kwa moja. Harufu ya omena ikashika korti yote. Karani akakimbilia madirisha. Jaji akamwambia, "Wacha hiyo. Mimi nimesomeshwa na hiyo harufu."

Wakili wa mwekezaji akaamka kusema ati pale ufuoni hapakuwa na mtu akifanya kazi yoyote. Huko nyuma wanawake wakaguna kwa pamoja mpaka akapoteza alikuwa anasoma wapi.

Nikajua hii tumeibeba.

Kabla ya hukumu, yule wakili akanipigia simu. Client wake amekubali kufungua njia, arudishe seng'enge nyuma uwanja wa omena utoke nje, na agharamie matibabu ya Achieng'. Ile ofisi pia haina pingamizi. Sisi tuondoe kesi tu.

Maana yake hakuna hukumu. Hakuna wanafunzi wa kusoma jina la mtu.

Nilitaka kukataa hapo hapo kwa simu. Lakini kazi yetu ina sheria zake, ofa ni ya client, si yangu. Nikaendesha mpaka kwao, tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa.

Nikawapa hotuba wakuu, hotuba! Nikawaambia wakikubali, kesho mwekezaji mwingine atafanya vile vile ufuo wa jirani. Nikasema hukumu itakinga hata wajukuu wao.

Mama Risper alisikiza mpaka mwisho.

"Hiyo hukumu itakuja lini, nyathina?"

Aliponiita mwanangu nikajua hotuba haijaingia. "Pengine mwaka huu," nikasema. "Wakikata rufaa, inaenda mbele tena."

"Na omena itatungoja?"

Watu wakacheka, hata mimi. Lakini Achieng' hakucheka. Alisimama, ameshikilia ule mkono uliovunjika.

"Wakili, wewe unataka kesi," akasema. "Sisi tunataka kupita."

Hakusema kwa ubaya. Ndio maana iliingia ndani zaidi. Nilikaa chini, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anapanda yale mawe, si mimi.

Walipiga kura kwa mikono. Wote wakakubali ofa.

Nikawaambia sawa, lakini ahadi ya mdomo siikubali. Tutaipeleka kwa jaji iwe amri ya korti. Na tuongeze kitu kimoja, kwamba ile ofisi isitoe tena kibali chochote pale ufuoni kabla ya kuita wenyeji kwa mkutano.

Mama Risper akatabasamu. "Hapo sasa pigana."

Nikapigana. Wenzetu wa upande wa pili walivutana na mimi juu ya hicho kipengele mpaka asubuhi ya korti, nje ya mlango wa jaji. Mwishowe wakasalimu amri.

Jaji aliposoma makubaliano, wanawake hawakupiga kelele. Waliinama kwa heshima, wakatoka, wakaenda kazini. Niliwafuata. Jioni hiyo seng'enge ilikuwa inakunjwa na Achieng' anapita pale polepole, anaimba.

Haikuishia hapo. Miezi ikapita, mwekezaji akaleta askari mpya, naye akafunga njia. Mama Risper alinipigia nikiwa Osiri na wachimba dhahabu. Nikaacha kila kitu, nikakanyaga mafuta.

Kufika, njia iko wazi. Askari amekaa kwenye jiwe, anakula nyoyo, mahindi na maharagwe, kutoka kwa sahani ya Mama Risper.

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Nilimwambia, kijana yangu, hii njia ilifunguliwa na jaji. Ukiifunga hufungii mimi, unafungia jaji." Akamtupia jicho. "Halafu nikamuuliza kama amekula."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kesi ni ya mwenye kuumia. Wakili ni wa kubeba tu, na mwenye mzigo akisema tufike hapa, unatua.

Lakini sitawaficha, kuna siku napita ufuo mwingine, naona seng'enge mpya, nafikiria ile hukumu ambayo haikuandikwa. Ningewabembeleza zaidi? Ama walikuwa sawa?

Mawakili, wavuvi, na nyinyi mnaosoma kimya kimya, leteni maoni. Mkitaka kunichapa nichapeni, lakini msiguse wale akina mama.