Quant 168, Verbal 144: nusura niahirishe PhD kwa hesabu yangu mwenyewe

Wakuu, habari za leo. Nimesoma nyuzi za wenzangu humu miaka mingi bila kuandika, leo acha nami niweke yangu. Sitaongeza chumvi, iliyokuwemo inatosha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari moja karibu na Kianjai. Nilikuwa naomba PhD ya takwimu ng'ambo. Vyuo vyote vitano nilivyochagua vilitaka GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu.

Kwa wasioijua: kuna Quant, yaani hesabu, na Verbal, yaani Kiingereza cha misamiati migumu. Kila sehemu mwisho ni 170.

Verbal ndiyo iliyoninyima raha. Miezi mitano nilikariri misamiati kwa vikadi. Mke wangu Makena alikuwa akinitahini huku akimenya viazi, hadi naye akachoka.

Matokeo: Quant 168, Verbal 144.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani ni sisi tuliopitia KCSE, mtihani wa kidato cha nne, tu tunaweza kulifanya. Nilijumlisha, nikagawanya kwa mbili, nikajipa mean grade, yaani alama ya wastani. Nikajiona nimeanguka. Kwetu somo moja bovu linavuta chini na mengine yote, sasa ningejuaje kwamba kwingine hawahesabu hivyo?

Deadline ilikuwa imebaki wiki moja. Nikaamua kungoja mwaka mzima nirudie mtihani.

Recommendation, ile barua ya kunipendekeza, nilikuwa naandikiwa na Mwalimu Njeru, aliyenifundisha chuo. Alishastaafu, analima chai Kibugu. Kumwambia kwa simu niliona si heshima, kwa hivyo Jumamosi nikaenda. Nikampata kwenye foleni ya kituo cha kuuzia majani, kikapu kiko miguuni.

Alinisikiliza hadi mwisho. Karani anayekagua majani akafika kwenye kikapu chake, akazamisha mkono, akatoa konzi moja ya majani, akaiangalia, akasema kikapu kipimwe.

Mwalimu akanigeukia. "Ameangalia wapi?"

"Chini."

"Kwa nini si juu?"

Nikamwambia juu kila mtu hupanga yale mazuri.

"Na mikanda ya kikapu je?"

"Hajaiangalia."

"Ameiona, lakini hainunui. Ingekuwa imekatika, ni shida. Verbal ndiyo mikanda yako, na haijakatika." Akainama kukishika kikapu. "Na ukingoja mwaka, mimi nina sabini na nane. Nani atakuandikia?"

Nilirudi nyumbani nikaitupa statement yangu, insha ya maombi, iliyojaa misamiati ya vikadi. Nikaandika nyingine, Kiingereza cha kawaida tu, kuhusu yule karani: ni lini konzi moja inasema ukweli wa kikapu kizima, na ni lini inadanganya.

Sasa ukweli wenyewe. Chuo kimoja kilinikataa haraka, na nilipokagua tovuti yao, kumbe walikuwa na kiwango cha chini cha Verbal. Sikuwa nimesoma. Vitatu vilikataa bila kusema sababu.

Cha tano kikaniita interview. Profesa hakutaja Verbal hata mara moja. Alitaka kujua karani huzamisha mkono hadi wapi, na kama wakulima wameshamjua. Tukaongea kikapu karibu saa nzima. Nikapata nafasi na ufadhili.

Kabla ya kusafiri nilienda kumuaga Mwalimu. Alikuwa amepata stroke. Maneno yalimtoka kwa shida, hata jina langu lilimshinda. Nililia mbele yake.

Kwa kukosa la kufanya, nikamwekea mapajani karatasi ya hesabu nilizokuwa nikijiandaa nazo. Akazipitia taratibu kwa kidole. Mstari wa tatu akagonga, akaniangalia. Nilikuwa nimekosea pale pale.

Ningengoja ule mwaka, barua yake isingekuwepo.

Wakuu, someni kiwango cha kila chuo kwanza. Kama umekifikia, tuma maombi. Na mliopitia njia hii, wekeni alama zenu hapa chini, mbaya na nzuri. Kuna mwalimu mahali fulani saa hii anajumlisha, halafu anagawanya kwa mbili.