Mke Wangu Anaamini Nakula kwa Mwanamke Mwingine

Ndugu wasomaji, mie ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, naishi Temeke, kazi yangu ni ukuli bandarini. Nimemwomba mwenye ukurasa huu alifiche jina langu, maana jambo ninalolieleza hata mke wangu halijui.

Mwaka jana nilipasuliwa bawasiri. Zilikuwa zimenitesa miaka mingi, damu ikichafua nguo nami nazifua mwenyewe kwa siri. Mke wangu, Mama Zuhura, nilimwambia napasuliwa ngiri. Ngiri haina aibu, kila kuli anayo au anaisubiri. Alinihudumia kwa moyo, akinipikia uji asubuhi na jioni, nami nashukuru huku namdanganya.

Kidonda kilipopona ndipo balaa likaanza. Kovu lilikaza, njia ya haja ikawa inasinyaa mwezi hadi mwezi. Choo kinatoka chembamba kama kamba ya kiatu, kwa jasho na machozi. Nakaa msalani mpaka wapangaji wenzangu wanagonga mlango. Nikaona nafuu yangu ni moja tu, kutokula. Mama Zuhura anatenga ugali na samaki, mie namega matonge mawili, nasema nimeshiba.

"Umeshiba wapi, Baba Zuhura?"

"Kazini."

"Kazini nani anakupikia?"

Nikanawa mikono, nikatoka nje. Alivumilia, akalia, mwishowe akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Kipawa.

Kaka yake aliita kikao, akamwalika na mjumbe wa nyumba kumi. "Shemeji, sema mbele ya mjumbe. Unakula kwa nani?" Nilitazama mkeka. Ningesemaje? Shemeji yangu tunabeba naye mizigo genge moja. Nikitamka pale, kesho yake bandari nzima inajua, na mnajua watu wana maneno gani juu ya mwanamume mwenye maradhi ya huko. Nikanyamaza. Mjumbe akasema ukimya wangu ndio jibu. Nimepewa mpaka Jumapili, niseme ukweli au nitoe talaka.

Wakati natoka, Mama Zuhura alinisindikiza mpaka mlangoni. Akanitazama mashavu, akasema polepole, "Umekonda. Huyo mwanamke wako hata kupika hajui."

Maneno yale yaliniuma kuliko kisu.

Wiki hiyo hiyo nilirudi kwa daktari. Alinipima kwa kidole, nikapiga kelele. Akaniambia, "Mzee, hapa dawa ya kulainisha choo haitoshi tena. Tutalichana hilo kovu, tusogeze kipande cha ngozi nzuri ya pembeni kijaze pengo, njia ipanuke." Anasema wengi hupona. Lakini waliosema hivyo mara ya kwanza ndio walionifikisha hapa, na ile harufu ya chumba cha upasuaji sijaisahau. Jumatatu natakiwa wodini, nije na mtu wangu wa kuniangalia. Mtu wangu yuko Kipawa.

Nikimweleza mke wangu peke yake, atataka kunisafisha kwa kaka yake, na siri itafika bandarini. Nikinyamaza nipasuliwe kwanza, nitarudi mzima kwenye nyumba isiyo na mke.

Nyie wenye ndoa zenu, nishaurini, nifanye nini? Nimechoka, na nina njaa.