Mumiani Aliyevuka Feri

Nilipokuwa mtoto, sikujua kwamba wauaji wa filamu za Kizungu hawasemi Kiswahili. Kwenye kibanda chetu cha video pale Mishomoroni walikisema vizuri tu, tena kwa lafudhi ya Kigiriama, kwa sababu wote walisemewa na mtu mmoja, Charo, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake akitutafsiria. Charo alimsemea muuaji, akamsemea anayeuawa, na palipokuwa kimya akaongeza lake.

Filamu iliyotuvuruga akili mimi na binamu yangu Fumo ilikuwa kongwe, haina hata rangi. Mwanamume mrefu, mpole, mwenye mkoba mweusi, hubisha hodi nyumba moja baada ya nyingine, huwaamkia watu vizuri, kisha hutoa visu. Mwanzoni yalipita maandishi, na Charo akayasoma kwa sauti ya msibani: "Hiki ni kisa cha kweli." Hayo peke yake yangetosha, lakini Charo hakuwa mtu wa kuishia palipoandikwa. Filamu ilipokwisha na muuaji akatoweka, alitueleza kwamba mtu huyo hakukamatwa kamwe, kwamba alipanda meli, na kwamba meli yenyewe ilitia nanga Kilindini, bandari yetu hapa Mombasa.

Tulirudi nyumbani mbio, na jua bado lawaka.

Huko nako Nyanya hakutupa nafuu. Filamu hakuzijua, lakini mumiani alimjua: mtu anayewatoa wenzake damu ili ikapikwe dawa. Tulipomhadithia habari za yule wa mkoba hakucheka wala hakushangaa.

"Mumiani hamkimbizi mtu," alisema. "Hubisha hodi. Huja mchana watu wamelala, akaamkia kwa adabu zake."

Sasa fikiria. Filamu kutoka Ulaya na nyanya wa Mishomoroni, ambao hawajuani, wametoa ushahidi mmoja. Kwetu sisi kesi ilikwisha hapo.

Wakati huo huo ndipo alipoanza kuja Athumani. Alitoka Shika Adabu, ng'ambo ya feri, naye alikuwa mrefu, mpole, na alibeba mkoba mweusi. Watu wazima walijua tusiyoyajua. Kazi yake ilikuwa kuumika: humwekea mgonjwa vikombe mgongoni, humchanja kidogo kwa wembe, damu mbaya ikatoka. Na nia yake ilikuwa kumwoa Shangazi Zuhura, dada mdogo wa baba, ambaye alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa moja kuvunjika, na ambaye alimwambia mamake waziwazi kwamba huyu ndiye amtakaye. Nyanya alikataa. Mtu wa ng'ambo, kwao hatukujui, amezaliwa na nani, amelelewa vipi. Shangazi hakubishana. Alijua mama yake analia na mgongo kila kukicha, na kwamba mwanamke aliyezoea kumuumika amehamia Malindi. Akamleta Athumani kwa jina la tabibu.

"Mgongo nitampa," Nyanya alisema. "Binti simpi."

Watoto hatukuambiwa lolote kati ya hayo. Tena Nyanya hakutaka hata majirani wajue kwamba kuna mwanamume anayeuona mgongo wake, kwa hiyo Athumani aliagizwa aje mchana, watu wakiwa wamelala. Nyanya mwenyewe ndiye aliyempangia saa za mumiani.

Siku moja tukitoka madrasa tulimkuta ukumbini akitokea chumbani kwa Nyanya. Mkono huu wembe, mkono huu beseni, na ndani ya beseni damu nyeusi iliyoganda kama maini ya buchani. Nyuma ya pazia Nyanya alikuwa akiguna. Athumani alitutazama kwa upole wote aliojaliwa na Mungu.

"Hamjambo, wanangu?"

Adabu ile ndiyo iliyomponza. Fumo alitoka nje bila viatu akipiga kelele kwamba mumiani yumo ndani na Nyanya ameuawa. Nami sikukaa nyuma. Nilimfuata nikieleza habari za meli.

Mtaa uliokuwa umelala ukaamka wote. Mama Kadzo, muuza makaa, alikuja na sepeto lake. Vijana waliokuwa wakijenga nyumba ya jirani walikuja na mbao. Nasimulia haya nikicheka, lakini mkazi yeyote wa huku anajua neno mumiani laweza kumfanya nini mgeni asiye na wa kumtetea. Mtu akiitiwa mwizi, wapo watakaouliza kaiba nini. Akiitiwa mumiani, hakuna anayeuliza.

Athumani alisimama mlangoni na beseni lake, hajui aliweke wapi. Kila alipoliinua ili aeleze, watu walirudi nyuma wakizidi kupiga kelele. Mtu akamwita Charo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo. Charo alimtazama mgeni, akautazama mkoba.

"Ndiye," alisema. "Nimemwona kwenye video."

Yeye aliyeitunga ile meli, leo alikuwa anamtambua abiria. Mpaka leo sijui kama alikuwa akitania. Nadhani hakuwa.

Ubao wa kwanza ulikuwa umeshainuliwa Nyanya alipotokea. Alikuwa amejitanda khanga juu ya vikombe ambavyo bado vilimng'ang'ania, mgongo umejaa manundu, uso umekunjwa kwa hasira.

"Mwamtakia nini mkwe wangu?"

Ubao ulisimama hewani. Naamini hata yeye alishtuka kwa alilolisema, maana nilimwona akifungua kinywa tena atie neno jingine. Hakuwahi. Shangazi Zuhura, aliyekuwa nyuma yake ameishika khanga isianguke, alipiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele virefu, vya mtu aliyengoja sana. Mama Kadzo akaviitikia kabla hajajua ni vya nini, wanawake wengine wakapokea, na vijana wakabaki wameshika mbao zao kama walioitwa kuja kujenga jukwaa la harusi. Neno la mkwe likishapigiwa vigelegele mbele ya majirani, mwenye kulisema hana tena pa kulirudisha.

Waliozwa baada ya mfungo. Tatizo lililobaki lilikuwa la Nyanya, kwa sababu kwetu mkwe na mkwewe hutazamana kwa haya, sembuse mgongo, tena uliochanjwa. Nyanya alilitatua kwa njia yake: hakumpa Athumani mgongo tena. Mkwewe akiwa ukumbini, yeye alitoka kinyumenyume huku akipapasa ukuta, na siku moja ya Idi alilikalia sinia la mahamri. Alifanya hivyo miaka na miaka, hadi maradhi ya mwisho yalipomlaza. Athumani ndiye aliyemgeuza kitandani, kwa kuwa mikono yake ilijua pa kushika.

"Haya, mwanangu," Nyanya alimwambia, "utazame tena."

Nilitoka nje nikalia.

Ukubwani niliitafuta habari ya ile filamu. Kisa cha kweli kilikuwepo, ila kidogo. Palikuwa na mtu mmoja, mkulima, aliyemuua jirani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akakamatwa siku hiyo hiyo akila chakula chake cha jioni. Mkoba haukuwepo, hodi hazikuwepo, na bila shaka meli haikuwepo. Nilivunjika moyo kidogo, kama mtu aliyeibiwa hofu yake.

Juzi binti yangu Rukia alinijia na simu. Kuna video inazunguka: Mumiani wa Mishomoroni, kisa cha kweli. Sauti nzito, muziki wa kutisha, ajuza amekaushwa damu yote, na mumiani akatoroka kwa feri. Athumani, mzee sasa, alikuwa amekuja na Shangazi Zuhura kututembelea. Aliitazama mpaka mwisho.

"Kwani yalitokea kweli, babu?" Rukia akamuuliza.

"Humo ndani," alisema Athumani, "yuko mwanamke aliyepiga vigelegele?"

Rukia akairudisha video nyuma, akatafuta.

"Hayumo, babu."

"Basi hao walioisimulia hawakuwepo," alisema, akamgeukia Shangazi Zuhura amwongeze chai.