Haji Niliyempa Kisu

Watu wa Koboko wakiniona sokoni bado wananiuliza, "Dada, leo mbuzi iko?" na mimi nacheka nao, lakini ndani nachomeka, kwa hiyo acha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu aliyeiongezea pilipili.

Nilikuwa najitolea na shirika moja dogo linalokutanisha watu wakae wazungumze: Wanubi wa mjini ambao ni Waislamu, wakulima wa Dranya na wa kwetu Ludara, na ndugu zetu waliokimbia kutoka Sudan Kusini. Siku hiyo mazungumzo yalikuwa ya usawa, na Madam Peace, mkubwa wetu anayekaa Arua, alinipa mimi (mimi niliyeishia darasa la saba!) niongoze kwa mara ya kwanza. Nikifanya vizuri, jioni napanda gari lake naenda Arua kuanza kazi ya kudumu. Begi nilikuwa nimeshafunga, na redioni kwenye ndoto zangu nilikuwa nimeshahojiwa mara mbili.

Shauri la sufuria moja lilikuwa langu. Mikutano iliyopita kila kundi lilikuja na chakula chake likala kona yake, na mimi roho iliniuma, nikasema safari hii mbuzi mmoja, sufuria moja, basi. Na kwetu hata mtoto anajua kwamba ukitaka Muislamu ale nawe, mbuzi achinjwe na Muislamu, hata kwenye harusi za sisi Wakristo tunamwita mtu. Mtu nilimwita. Hakutokea.

"Binti," akaniita Mama Zubeda, mpishi wetu, Mnubi asiyependa kungoja, "moto iko, maji iko, mbuzi bado nalia mee. Watu watakula hotuba yako?"

Hapo akanisogelea kijana aliyekuja na gari la Arua, rasta mpaka mabegani, jezi ya Onduparaka, timu ya mpira ya huko Arua. "Sista, mimi naweza chinja."

Nikamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Anatoka Onduparaka, nikasema moyoni, hawa wanajua mpira tu, na rasta hizo msikiti gani utazipokea? "Kaka, hapa si uwanjani," nikamjibu, "chukua jerikeni ulete maji." Akaichukua, akaenda kuteka. (Hiyo jerikeni ndiyo inayoniuma mpaka leo.)

Nikageuka, nikamwona mzee anaingia getini: jalabia nyeupe, kofia ya kufuma, ndevu za heshima. Nikakimbia. "Asalaam aleikum, Haji!" Akaitika vizuri kabisa, maana Koboko nani haitiki? "Haji, tusaidie, uchinje mbuzi." Nikamwekea kisu mkononi. Jina sikuuliza, anatoka wapi sikuuliza, nilimshukuru Mungu na nikakimbilia ukumbini kujipaka poda.

Basi tukaanza. Nikasema maneno matamu kuhusu kutomhukumu mtu kwa nguo yake, Madam Peace anatikisa kichwa kwa furaha, nami nikajiona niko Arua tayari. Kisha nikaleta zoezi nililobuni mwenyewe: kila mtu asimame, ataje jina, aseme kitu ambacho watu wanadhani juu yake na si kweli.

Mzee wa jalabia akasimama wa kwanza, anatabasamu.

"Mimi naitwa Santino, natoka Sudan Kusini. Mimi iko katekista, nafundisha dini kanisani. Lakini watu wakiona jalabia hii wanasema Muislamu. Jamani, mimi navaa sababu jua iko kali! Hata leo huyu binti aliniita Haji, akanipa kisu, nikachinja mbuzi. Nilifurahi sana. Nilisema, kweli hapa watu iko sawasawa."

Mlangoni mwiko ukaanguka. Mama Zubeda alikuwa amekuja kusema chakula kiko tayari.

"Mutu gani alichinja?" Akanigeukia. "Wewe binti, mimi nimeonja chumvi! Mara tatu nimeonja!" Akatoka mbio kwenda kusukutua mdomo, na Wanubi wote wakageuka kunitazama, na mimi mdomo uko wazi, poda inateremka na jasho.

Na kwa kuwa siku mbaya haitosheki, yule wa rasta akasimama. "Mimi Swaleh. Watu wanadhani mimi muhuni. Kazi yangu ni kuchinja, Arua, kila siku, msikiti wenyewe waliniweka. Asubuhi nilimwambia sista. Alinipa jerikeni."

Walicheka nusu, nusu hawakucheka kabisa. Saa ya kula, nyama ikaenda upande mmoja, maharage ya haraka haraka upande mwingine, mistari miwili imenyooka kama nimeichora mimi, siku ya usawa! Mzee Santino hakugusa nyama. Alikwenda kukaa na waliokula maharage, akamwomba Mama Zubeda msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake, kisha akanijia mimi. "Binti, kwa nini hukuuliza jina yangu?" Hakukasirika. Afadhali angenipiga kofi. Nilimwomba radhi nikilia, kisha nikamtafuta Swaleh nikamwomba na yeye, akasema, "Sawa, sista," kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Madam Peace alifungua mlango wa gari, akatoa begi langu, akaliweka chini. "Wewe baki kwanza," akasema. "Unaongea vizuri sana kabla ya kujua unaongea na nani."

Gari likaenda Arua na Swaleh ndani, mimi nikabaki nasugua sufuria ya Mama Zubeda kwa majivu, naye amesimama juu yangu, "Sugua tena." Nilisugua. Nimeapa sitamwita mtu Haji, wala muhuni, wala chochote, kabla hajaniambia mwenyewe yeye ni nani. Juzi nikamuuliza shehe, mlangoni mwa msikiti wake, kama yeye ni Muislamu. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, lakini alinijibu.