Picha ya Kumwonyesha Wifi

Mtaani kaka yangu wanamwita Mara ya Mwisho, kwa sababu kila anaporudi kuangalia kama amefunga mlango husema, "Hii ni mara ya mwisho." Kisha hurudi tena. Ni fundi wa makufuli. Watu wakisikia hivyo hucheka. Mimi mwenyewe nimecheka miaka kumi na moja, na kila nikimaliza kucheka huwa sijui niuweke wapi uso wangu.

Kazini ugonjwa huo wa kurudiarudia umemletea wateja. Kufuli alilolitengeneza hulifunga na kulifungua mara arobaini kabla ya kulikabidhi, akiwa amelitegea sikio. Wateja humsifu kwa uangalifu. Nyumbani uangalifu huohuo ulimchosha mkewe. Wifi alivumilia kuchelewa harusini, akavumilia kuchelewa mazishini, na mara moja alisimama kwenye kona saa nzima akimsubiri, keki ya watu ikimyeyukia mikononi. Miezi miwili iliyopita alihamia kwa dada yake.

"Mlango nimeufunga mimi, umeniona, na wewe umeushika," alimwambia kaka. "Ukirudi tena, ni mimi usiyeniamini. Huo si ugonjwa, ni ukaidi."

Neno hilo lilimchoma kaka. Dawa alishameza aina tatu, kila moja kwa miezi iliyotakiwa. Alishakwenda kwa mshauri aliyemfundisha kufunga mara moja, kuondoka, na kukaa na wasiwasi mpaka upungue wenyewe. Wa wengine hupungua. Wake ulikaa kama mgeni asiyeaga. Basi daktari aliposema kuna watafiti wanaopiga picha za ubongo wa wagonjwa ambao tiba haijawasaidia, kaka alijiandikisha siku hiyohiyo.

"Nitamwonyesha wifi yako," aliniambia. "Ataona mwenyewe palipoharibika. Akiona atarudi."

Nilimsindikiza. Mashine ile ni sumaku kubwa, kwa hiyo vitu vyote vya chuma hubaki nje. Muuguzi alimpa kabati dogo lenye kufuli. Kaka alilitazama lile kufuli jinsi daktari anavyomtazama mtu anayekohoa.

"Sista, hili hata kibanio cha nywele kinalifungua."

"Kwani humo kuna nini cha kuibwa, mzee?"

"Funguo za watu kumi na saba."

Akanigeukia. "Mdogo wangu, limefunga?"

Nikatazama dari. Mshauri alitukataza kumjibu swali hilo, maana kila jibu huukuza wasiwasi, na familia yetu sasa ni hodari sana wa kutazama dari.

Alilivuta mara sita. Muuguzi akamweleza kwamba atalala dakika arobaini bila kutikisika. Akigeuza kichwa, picha inaharibika. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza mashine ikigonga kama mafundi wanaopigilia mabati, nikisubiri kumwona akitoka mbio na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Hakutoka mpaka muda ulipokwisha.

"Hilo kabati limenitesa mle ndani, wewe acha tu," alisema, jasho likimtiririka. "Lakini nikasema, nikigeuka, wifi yako ataona ukungu mtupu."

Kisha akaenda kulivuta kabati.

Wiki iliyofuata daktari alituwekea picha mbele yetu.

"Palipoharibika ni wapi?" kaka aliuliza.

"Hapa hakuna pa kuweka kidole. Tukilinganisha mamia ya watu wenye ugonjwa huu na wasio nao, sehemu fulani za ndani hutofautiana kidogo kwa ukubwa, kwa wastani. Sasa tunatafuta kama wale wasiosaidiwa na dawa wana tofauti yao. Bado hatujui. Na picha ya mtu mmoja haitwambii kitu. Hii yako inafanana na yangu."

"Na yako?"

"Ndiyo."

Kaka alifikiri. "Basi na wewe ungejiandikisha."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kaka hakucheka. Njia nzima aliikumbatia bahasha ya picha.

Wifi alikuja Jumamosi, kuiona picha tu, alisema. Aliipeleka dirishani, akaitazama, akairudisha mezani.

"Kumbe ubongo unao."

"Ninao."

"Haya, nionyeshe palipoharibika."

Nilikaza meno. Kaka angeweza kugusa doa lolote jeusi. Wifi asingejua, na mimi ningetazama dari. Kidole chake kilizunguka juu ya picha, kikashuka mezani.

"Hapaonekani. Daktari mwenyewe hajui."

Wifi alimgeukia. "Na mdogo wako anasema ulilala dakika arobaini bila kugeuka?"

"Bila kugeuka."

"Ukiwaza nini?"

"Kabati."

"Si mimi?"

"Na wewe pia. Kabati zaidi kidogo."

Nilidhani ataondoka. Badala yake alivuta kiti, akakaa. "Miaka yote hii nilijua ni mimi usiyeniamini."

"Wewe nakuamini. Mikono yangu ndiyo siiamini."

"Ungesema."

"Nilikuwa mlangoni."

Wifi aliuma mdomo, lakini kicheko kilimtoroka. Akauliza siku ya kurudi kwa daktari. Jumanne, kaka akamwambia. Akasema atakwenda naye amwulize mwenyewe kuhusu dawa ya nne, maana mwanamume huyu husahau nusu ya anayoambiwa. Kisha akainuka kuangalia jikoni kuna nini.

Niliaga. Nilipofika kwenye ngazi niliwasikia wakibishana nani aufunge mlango nilioutokea.