Sauti ya Nne Haina Mtu

Mwimbishaji wetu amekufa. Habari ilinikuta mahali habari zote hunikuta, kwenye kiti changu kando ya jiko, maana msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba Thika mimi huiona kwa nadra na Ruiru huisikia kwa majirani. Tulipotolewa mashambani kwetu upande wa Gatongora tukasongamanishwa katika kijiji hiki chenye handaki na askari langoni, mke wangu alisema kwamba kwa upande wangu serikali ilijisumbua bure kuweka amri ya kutotoka nje.

Marehemu alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa, na Jumapili alituimbisha kanisani. Mimi alinivumilia tu. “Wewe mtu wa sekondari,” aliniambia mbele ya akina mama, “leo fungua mdomo, lakini sauti tuachie sisi.” Yeye alishika sauti ya nne, ile nzito, na akinyamaza uliona wimbo umekosa sakafu. Matatizo haya yalipoanza na vijana wakala kiapo wakaingia msituni kupigana, watu walichukua tuni za kanisa wakazitilia maneno ya ardhi iliyochukuliwa. Wangefanyaje? Tuni tulizokuwa nazo vinywani ni hizo. Yeye aliuchukua wimbo wetu wa ushirika wa meza ya Bwana, akautungia maneno ya kumwomba Mungu arudishe shamba la baba yake, ambalo sasa ni kahawa ya mzungu. Kwa maneno hayo, na kwa kiapo alichokula, alipelekwa kizuizini. Alirudi amekonda, koti likimvaa yeye badala ya yeye kulivaa, na kifua kikilia kama mlango.

Kabla ya kumrudisha kwenye meza ya Bwana, wazee wa kanisa walimtaka asimame mbele yetu akane yote mawili. Alisimama. “Kiapo natubu,” alisema. “Damu iliyomwagika, ya yeyote, naililia. Lakini wimbo nilimwimbia Mungu. Leo nimwambie nilikuwa naongea na nani?”

“Ndugu, usitusumbue,” mzee mmoja akamsihi. “Sema tu umeukana, upate kula mkate.”

“Nidanganye ndipo nile? Utanikwama kooni, mzee.”

Basi akawa wa benchi la mlangoni. Mkate na kikombe vilipopita mbali naye aliinamisha kichwa, na kutoka huko nyuma akaendelea kutushikia sauti ya nne.

Kifua kilipommaliza, mjane wake alikuja kwangu. “Shemeji, wewe umesoma. Kamwambie mchungaji mume wangu asizikwe kama mbwa.” Hilo likanitoa kwenye kiti. Nilikwenda Ruiru kwa miguu, kibali mfukoni, nikamkuta mchungaji, mtu wa kwetu kabisa, amekaa na chai iliyopoa. “Nikimzika,” akasema, “wazee watasema kanisa limebariki msitu. Nisipomzika, vijana watasema kanisa ni la mzungu.”

“Na wewe mwenyewe unasemaje?”

“Sauti ya nne nilimfundisha mimi,” alisema. Lakini kaburini hakuja.

Tulimzika wenyewe, askari amesimama juu yetu na bunduki. “Imbeni,” alituambia, “lakini maneno niyasikie.” Mjane alianza tuni ile ile. Hapo tukakwama. Maneno ya kitabu yangekuwa kumkana marehemu akiwa shimoni. Maneno yake yangetupeleka kizuizini alikotoka. Tukaguna tuni tupu, midomo imefungwa.

“Wee! Maneno yako wapi?” askari akapaza sauti.

“Ameenda nayo, mwanangu,” alijibu shosho mmoja, bibi kizee wa kanisani, akaendelea kuguna.

Natafuta funzo, maana mhariri hulitaka, na sioni la kufariji. Waliomfukuza mezani walidhani wanamlinda Mungu, na waliomfunga walidhani wanailinda nchi. Mimi naona tu kwamba anayemlazimisha mtu kuchagua kati ya Mungu wake na udongo wake atabaki bila mwimbaji wa kumsifu huyo au kuulilia huo. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Ule wimbo ulianzishwa, kila mmoja akamtazama jirani yake mdomoni aone ataimba maneno yapi, na kwenye ubeti wa pili ukafa. Nilifungua mdomo, kama nilivyofundishwa. Safari hii hapakuwa na wa kuachiwa sauti.